Kipande cha Kumi na Saba

2 Machi

Kwako mke mwenzangu mdogo,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usicheke mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kuandika majina ya wateja wa babu yako kwenye bahasha za miwani. Mjomba wako alitaka nikupigie simu. Nikamwambia sikio langu la kulia limeshastaafu na la kushoto linadai likizo. Kwenye simu wewe unapiga kelele, mimi naitikia "eeh, eeh," na tukimaliza hakuna aliyemwelewa mwenzake. Barua nitaisoma mara nne na haitachoka kurudia.

Huku hatujambo. Mjomba wako hajambo, mkewe hajambo, na yule paka mwenye mkia mfupi amezaa tena ndani ya sanduku la vitambaa. Mimi nakula, usiwe na wasiwasi. Nalala upande wangu ule ule wa kitanda, sijahamia katikati.

Kwanza nataka nikushukuru. Salamu zako zilisomwa siku ya mazishi. Pale uliposema kwamba babu yako alikufundisha kushika koleo kabla hujajua kushika kijiko, fundi saa wa jirani alicheka kwa sauti, kisha akageukia ukutani akalia. Ahsante kwa hilo. Na usijilaumu kwamba hukufika. Mtu akifa leo akazikwa kesho, hakuna ndege inayowahi.

Wiki iliyopita nilifungua chumba chake cha kazi. Koti lake liko kwenye msumari kama alivyoliacha, bisibisi ndogo zimelala kwa kufuatana kama watoto wa familia moja. Mezani nimekuta miwani kumi na moja ya wateja, kila moja kwenye bahasha yake. Nimeamua kuirudisha yote kwa wenyewe. Ufundi sina, lakini miaka thelathini na nne nilikaa kwenye kile chumba nikimshikia taa, na mingi alikuwa ameshaimaliza. Wa kwanza kuja alikuwa yule mwalimu mstaafu. Akavaa, akanitazama, akasema, "Kumbe mama umezeeka!" Nikamwambia, "Rudisha miwani." Tukacheka wote wawili, na nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Sasa niambie ya kwako. Babu yako akiulizwa mjukuu wake anafanya kazi gani, alikuwa anajibu, "Anavunja vyuma, na analipwa." Niongezee kidogo hapo, nami nipate la kuwaambia watu. Halafu nijibu moja tu linalonisumbua. Siku ile habari ilipokufikia, ulikuwa na nani?

Ni mimi, mke mkubwa.


29 Machi

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako ilifika jana, bahasha imekunjika pembe moja lakini ndani salama. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za kazini, maana nilishindwa kusubiri nifike nyumbani. Nilipouona tu mwandiko wako nikasikia harufu ya yale mafuta ya cherehani ambayo Babu alikuwa anadondoshea skrubu. Ahsante. Sikujua kwamba karatasi inaweza kumpumzisha mtu kiasi hiki.

Mimi sijambo. Naishi chumba kile kile, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mwenye nyumba ameniletea blanketi la pili bila kuombwa. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Baridi ya huku haina adabu, inaingia bila kubisha hodi.

Babu hakukosea, navunja vyuma na ninalipwa. Tunatumia waya wa nikeli na titani, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Ni ukoo mmoja na zile fremu za miwani ambazo ukizikunja zinajirudi zenyewe, metali yenye kumbukumbu. Tunapanga nyaya nyingi ndani ya alumini, tunabana kwa joto kali mpaka vinakuwa ukanda mmoja wenye urefu wa kidole cha kati. Kisha naufunga kwenye mashine inayouvuta juu na chini polepole mpaka ukatike. Nia yetu ni kupata kiungo cha kuweka chini ya madaraja. Ardhi ikitikisika kinyumbuke, kisikatike ghafla kama biskuti.

Waya huu una hali mbili, Bibi. Kwenye baridi chembe zake zimelala, ni laini, ukiukunja unabaki hivyo hivyo. Kwenye joto chembe zimesimama na waya ni mgumu. Lakini hata zikiwa zimesimama, ukiuvuta kwa nguvu zinaanza kulala kidogo kidogo kufuata mvuto, na huko kulala ndiko kunakouongezea urefu. Waya ukibadilika hali hivyo ndani ya alumini, ukanda mzima unatakiwa urefuke kwa asilimia kumi kabla ya kukatika. Wangu unakatika kwenye nne. Nne na nusu nikiamka na bahati.

Nimeshavuta vipande ishirini na sita. Nimebadilisha namna ya kusafisha waya, nimebadilisha joto la kubania, nimembadilisha hata anayekata. Nne. Kimoja nimekifuta kwenye daftari, hakihesabiki. Mkuu wa maabara, mama mmoja mrefu tunayemwita Bi Rula kwa sababu haachani nayo, ameniambia kwa upole kabisa kwamba mwisho wa Agosti nisipofika kumi, kazi hii inafungwa na mkataba wangu pamoja nayo. Nitarudi nyumbani. Nakutamani sana, Bibi, lakini si kurudi kwa mtindo huo. Miaka mitatu, na Babu alikuwa ameshamtangazia kila mteja.

Mwambie mwalimu mstaafu kwamba miwani inayoonyesha vijana tu bado haijatengenezwa.

Mke mdogo.


24 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba, ingawa imechelewa sana njiani.

Ahsante kwa kunieleza kazi yako bila kunifanya nijione mjinga. Nilimsomea fundi saa ile sehemu ya chembe zinazolala na kusimama. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa, halafu akaniuliza kama daraja lenyewe litakuwa na saa. Kwa hiyo ujue kuna watu wawili huku wanaokufuatilia, mmoja ameelewa nusu na mwingine hajaelewa kitu.

Miwani iliyobaki ni saba. Mke wa mjomba wako alikuja Jumapili akanisaidia kupiga deki nyumba nzima. Chumba chako nacho tulikisafisha. Nimetandika zile shuka zenye maua ya bluu. Usinielewe vibaya, sikuombei ushindwe. Ila nikianza kuomba najikuta naomba mawili yanayopingana, ufaulu na urudi, na huko juu sijui wananisikilizaje.

Umesema kipande kimoja umekifuta. Kilikuwa na kosa gani? Babu yako kwenye daftari lake hakuwa anafuta. Alikuwa anapiga mstari mmoja mwembamba, ili maandishi yaendelee kusomeka chini yake. Alikuwa anasema huwezi kujua lini utalihitaji kosa lako.

Na hujanijibu ulikuwa na nani.

Mke mkubwa.


19 Juni

Mjukuu wangu,

Sijapata barua yako mwezi wa tano wala mwezi huu. Huenda imepotea. Huenda pia niliuliza ambayo sikutakiwa kuuliza, maana mtu akizeeka anadhani kila mlango ni wa kwake. Basi maswali yangu mawili nayapigia mstari mmoja mwembamba. Usiyajibu. Niandikie tu kwamba u mzima.

Nyumbani wote wazima. Watoto wa paka wamegawiwa watu, mmoja amechukuliwa na fundi saa, naye amempa jina la Sekunde.

Nataka nikusimulie kituko cha juzi. Miwani ilikuwa imebaki mitatu. Moja ni ya yule dereva wa lori mwenye kichwa kikubwa, fremu yake ni ya metali yako hiyo ya kumbukumbu, na babu yako alikuwa hajaigusa. Mkono mmoja wa fremu hiyo ulikuwa unambana nyuma ya sikio. Sasa huku ni miezi ya baridi. Dereva akaja saa moja asubuhi, pumzi yake inatoka kama moshi, ananiambia, "Mama, nina safari ndefu, nikunjie tu kidogo hapa." Nami nikashika koleo. Kidogo tu ningeikunja. Ndipo mdomo wangu ukasema wenyewe, "Haijaamka. Kaa kwanza."

Hayo yalikuwa maneno ya babu yako. Sijui kama uliwahi kumsikia, maana ulikuwa shuleni saa za asubuhi. Fremu ya kwanza ya aina hiyo aliletewa na fundi cherehani mmoja mwenye maneno mengi. Ilikuwa msimu kama huu. Babu yako akaikunja asubuhi, ikakubali vizuri, laini kama nta, mteja akaondoka anapiga mluzi. Kesho yake karudi. "Fundi, umenifanyia nini? Hapa ilinikaa, nyumbani inanibana." Babu yako akamjibu, "Labda kinachobana ni nyumba." Akaikunja tena. Kesho yake tena karudi, na safari hii mluzi hakuna. Mara ya tatu nusura washikane mashati. Nilisimama katikati yao na taa yangu mkononi.

Mteja akaiacha kwetu kwa hasira. Babu yako akaikunja kwa mara ya nne, akaitia kwenye mfuko wa kushoto wa koti lake, akasahau. Saa sita akaitoa, na ile fremu ilikuwa imejirudia kama ilivyotoka kiwandani. Aliitazama kama mtu aliyekuta paka anasoma gazeti. Akaniita. "Njoo uone. Asubuhi tulikuwa tunamkunja mtu aliyelala. Kalala, ndiyo maana hakubisha. Amepata joto la kifua, ameamka, amefanya anavyotaka mwenyewe."

Tangu siku hiyo hakuigusa fremu ya namna hiyo kabla ya kuikalisha kwanza mfukoni, kifuani. Hata mteja awe na haraka ya kuzimisha moto. "Haijaamka. Kaa." Halafu anaifanyia kazi ikiwa na joto lile lile itakalokuwa nalo usoni kwa mtu. Ikiwa macho inabisha, unaivuta inavutika, ukiiachia inarudi, lakini unajua unashughulika na yeye mwenyewe, hujadanganywa na usingizi wake. Na hakupenda ipate moto mkali pia. Kuna mpiga pasi mmoja aliyewahi kuipitisha yake juu ya mkaa, ikawa ngumu haitaki hata kusikia.

Basi nikalivaa koti. Ndiyo mara ya kwanza livaliwe tangu babu yako afariki Januari. Nikaitia fremu mfukoni, nikampa dereva chai, tukakaa. Akanisimulia magurudumu yake yote. Nilipoitoa ilikuwa imeamka. Nikaikunja kama nilivyomwona akifanya, nikapitiliza kidogo kwa sababu inarudi nyuma. Dereva akaivaa, akatikisa kichwa mara tatu kama ng'ombe anayefukuza nzi. "Haibani," akasema. Ndiyo miwani ya kwanza niliyoitengeneza mimi katika maisha yangu. Nilimshukuru yeye kuliko alivyonishukuru mimi, mpaka akafikiri nimechanganyikiwa.

Sijui kama haya yanakuhusu. Wewe una mashine, yeye alikuwa na mfuko. Nimekuandikia kwa sababu siku ile nilikuwa na furaha na sikuwa na wa kumwambia.

Shuka bado zimetandikwa.

Mke mkubwa.


21 Julai

Bibi yangu, shikamoo, tena shikamoo kwa miezi yote niliyokaa kimya.

Hakuna barua iliyopotea. Nilianza nne, zote nikazichana. Nilikuwa siwezi kujibu swali lako moja bila kujibu la pili, kwa sababu yote mawili yana jibu moja.

Siku ile nilikuwa peke yangu. Mjomba alipiga simu saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye chumba cha mashine, chini ya ardhi. Nimeshafunga kipande cha kumi na saba kwenye mashine, kimebaki kuvutwa. Mjomba akaniambia, nikamwambia ahsante. Nilisema "ahsante," Bibi, kama mtu aliyeletewa mzigo. Simu ilipokatika sikujua mtu anatakiwa afanye nini, kwa hiyo nilifanya nilichokuwa nakifanya. Nikawasha mashine.

Hilo ndilo nililoshindwa kukwambia. Ninyi mlikuwa mnamwosha, mimi navuta chuma.

Na mashine ilipoanza kuvuta, nilikishika kile kipande. Nilikizungushia viganja vyote viwili kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa, nikakaa hivyo dakika zote mpaka nikasikia kimekatika ndani ya ngumi yangu. Taratibu zinakataza. Mkono wa mtu ukigusa kipande, matokeo hayafai. Nilipokipima kilikuwa kimerefuka asilimia tisa na sehemu sita za kumi. Nikadhani nimepima vibaya kwa sababu ya machozi. Nikakifuta kwa wino mweusi mpaka karatasi ikatoboka, nikakitia kwenye kikopo cha penseli, na tangu siku hiyo sikuwahi kukitazama.

Barua yako ya fremu ilinikuta mezani kwangu kazini. Nilipofika kwenye "ameamka, amefanya anavyotaka mwenyewe," nikasimama. Nikaanza kutafuta ile fomu yetu ya kujazia vipimo. Fomu ina mstari uliochapwa tayari na hatuujazi: "Joto: la chumba." Miaka mitatu tumesaini chini ya maneno hayo.

Nikapanda juu kwa Bi Rula na kile kikopo cha penseli.

"Hiki ni cha ngapi?" akauliza.

"Cha kumi na saba. Tisa na sehemu sita."

"Na umekifuta?"

"Nilikishika kwa mikono."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kikakatika."

Akaiweka rula chini. Sijawahi kumwona akiiweka chini. "Kwa nini ulikishika?"

Nikamwambia. Sikujua kama ningeweza, nikaweza. Hakusema pole. Alisogeza kiti chake upande wangu wa meza, akakaa. Kisha akachukua fomu akaisoma kwa sauti: "Joto, la chumba." Akanitazama juu ya miwani yake. "Chumba cha nani?"

Kipimajoto cha kule chini kilivunjika kabla sijaajiriwa na hakuna aliyekikumbuka. Akatuma kiletwe kingine. Nyuzi kumi na moja, Bibi, na huu tunauita msimu wa joto. Baridi ile haitoki kule chini mwaka mzima.

Sasa naelewa hivi. Kwenye nyuzi kumi na moja waya wangu umelala. Ukivutwa haubishi, unalegea mapema, na mzigo wote unaachiwa alumini peke yake. Alumini inakonda mahali pamoja, inakatika. Lakini waya ukiwa na joto la mkono, unaanza kwa kusimama imara. Pale panapokaza zaidi ndipo unapobadilika hali, unarefuka, na ukishamaliza kurefuka hapo unakaza tena, unausukuma mvuto kwenye sehemu jirani. Jirani naye anabadilika. Hivyo kunyumbuka kunasambaa ukanda mzima badala ya kukusanyika sehemu moja. Na kama alivyosema Babu kuhusu yule mpiga pasi, joto likizidi sana waya unakataa kabisa kubadilika, na alumini inakufa ikiusubiri.

Haya ni mawazo tu. Jumatatu tunaanza kuvuta vipande ndani ya bakuli la maji yaliyopimwa joto. Nimebakiwa na wiki tano na vipande kumi na viwili.

Nisamehe kwa kuchelewa. Na nisamehe kwa ile mashine.

Mke mdogo.


15 Agosti

Mke mwenzangu,

Barua yako imefika leo na najibu leo. Najua hii itakukuta mwezi wa Septemba, kwa hiyo mimi ninayeandika sijui umefaulu au la, na wewe unayesoma unajua. Nimependa iwe hivyo. Ninachotaka kukwambia hakitegemei vipande.

Unaniomba msamaha kwa kuwasha mashine. Sikiliza nikwambie nilichofanya mimi. Babu yako alifumba macho alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Nilikaa naye. Kulipopambazuka nikainuka, nikaenda kwenye chumba cha kazi, nikafagia. Nilifagia vizuri, hadi chini ya meza. Nikapanga bisibisi kwa urefu. Mjomba wako alinikuta napanguza taa. Zile bisibisi nilizokwambia zimelala kama watoto wa familia moja, sikuzikuta hivyo. Nilizipanga mimi asubuhi ile, na nikaona haya kukwambia. Kwa hiyo tulikuwa wawili, kila mmoja kwenye chumba chake cha kazi. Hakuna wa kumsamehe mwenzake hapa.

Na umeniambia ulishika kile kipande mpaka mwisho. Nakushukuru. Nilikuwa nafikiri siku ile mkono uliomshika ulikuwa mmoja tu.

Wengine hawajambo. Mjomba wako ameota mvi mbili na anazihesabu kila siku kama zitapungua. Miwani imekwisha yote, ya mwisho ilichukuliwa na binti ya mwenyewe. Nilidhani chumba kikiwa kitupu nitakifunga. Lakini dereva wa lori amenitangaza barabara nzima, na juzi wamekuja wawili wenye fremu zinazojirudi. Nimewaambia mimi si fundi. Wakasema, "Tunajua, mama. Wewe vaa koti tu."

Leo nimezifua zile shuka za maua ya bluu, nimezipiga pasi, nimezirudisha kabatini. Si kwa hasira. Ukirudi kwa kushindwa zitatandikwa, ukija likizo kwa kufaulu zitatandikwa vile vile. Ila nimeacha kuomba mawili. Naomba moja.

Mke mkubwa.


3 Septemba

Bibi yangu, shikamoo.

Nina hakika barua zetu zitapishana njiani, lakini siwezi kusubiri.

Kwenye nyuzi kumi na moja: nne. Kwenye nyuzi ishirini: saba. Kwenye nyuzi thelathini, joto la mfuko wa koti: kumi na moja na sehemu mbili. Tukarudia, kumi na moja. Tukarudia tena mbele ya Bi Rula mwenyewe, kumi na moja na nusu, na akapima kwa rula yake kwa sababu hakuiamini mashine. Kwenye nyuzi sitini kikarudi tano. Ni kama alivyosema Babu. Usizidishe, usipunguze, kiamshe tu.

Kazi inaendelea miaka miwili mingine. Sasa tunatafuta waya wa kuchanganywa upya, unaoamka mapema, kwa sababu madaraja mengine yako kwenye baridi na hayana mfuko wa kuwekwa. Bi Rula ameniagiza niandike taarifa. Mahali pa kushukuru nimeandika: "Kwa fundi miwani aliyegundua kwanza, na kwa mkewe aliyeshika taa." Akaniuliza majina yenu ya kitaaluma. Nikamwambia hayo ndiyo majina yenyewe.

Fomu zimechapwa upya. Kwenye mstari wa joto kuna nafasi tupu ya kujaza.

Kipande cha kumi na saba hakimo kwenye matokeo, maana mkono si kipimo. Ila kwenye daftari nimekirudisha, nimekipigia mstari mmoja mwembamba. Chenyewe Bi Rula ameniruhusu nikichukue. Nimekufungia humu ndani, vipande vyake vyote viwili. Utaona pale kilipokatikia ncha za nyaya zimechomoza kama nywele. Kitunze wewe. Mimi nitakuja kukitazama mwezi wa Desemba, nimeshapewa likizo ya wiki sita.

Ahsante, Bibi. Nimeandika neno hili mara nyingi mwaka huu, na mara ya kwanza nililisema vibaya, kwenye simu. Hili ndilo nililokuwa nataka kusema.

Mke mdogo.


1 Oktoba

Mke mwenzangu,

Marahaba. Hatujambo wote. Fundi saa anamwambia kila mtu kwamba mimi nimejenga daraja, na paka wake Sekunde hana habari.

Barua yako nimeisoma mara nne kama nilivyoahidi, na pale pa kumi na moja na nusu nimepasoma mara nyingi zaidi. Nilitaka kukuandikia maneno makubwa yakanigomea. Babu yako angekuwapo angesema, "Anavunja vyuma, na sasa vinakataa kuvunjika," kisha angekwenda kuwaambia wateja.

Shuka nitazitandika mwezi wa kumi na mbili, siku tatu kabla, zisije zikashika vumbi.

Kipande nimekipata. Nimekiweka kwenye mfuko wa kushoto wa koti, vile viwili pamoja. Huku asubuhi bado kuna ubaridi, na kilitoka kwenye bahasha kikiwa cha baridi sana, kimesafiri mbali. Sikukitia mfukoni hivyo hivyo. Nilikaa kwenye kiti chake, nikakishika kwanza.

Mke mkubwa.